Vigingi vya Hara Gudud

Jumatatu, 10 Januari 1949

Nilifika Hara Gudud jana adhuhuri juu ya lori la chumvi, na kabla sijashuka nilikuwa nimeshapachukia. Miaka kumi na mmoja niliyokaa Lamu kwa mjomba, nikisoma na kisha nikiwaandikia watu barua zao, nilikuwa nikijiambia kwamba kwetu ni anga na upepo safi. Kumbe kwetu kumekuwa jalala.

Wakati wa vita malori yalipita hapa kwenda mpakani. Watu wakatua kando ya visima vitatu kuuza maziwa na nyama, na vita vilipokwisha hawakuondoka. Leo nimehesabu nyumba mia moja na kumi na mbili, zote za fito na mikeka, zimebanana kama kupe ndani ya sikio la ngamia. Mtu akipiga chafya kwake, jirani humwombea dua bila kuinuka. Mbuzi huchinjwa hatua tano tu kutoka kwenye maji ya kunywa. Njia hakuna, kuna nafasi tu ambazo mtu amesahau kuziziba.

Mimi ndiye karani mpya na mwangalizi wa mji. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ambaye kambi yake iko maili arobaini kutoka hapa na ambaye watu wamembandika jina la Lugdheer, yaani Miguu Mirefu, amenipa kazi moja: niupange mji huu. Ramani nimeshaichora. Njia kuu ya hatua ishirini, mitaa minne, machinjio mbali na visima, soko katikati, mazizi nje, na kiwanja cha shule ambayo hakuna mtu aliyeiomba. Wazee wameikubali barazani. Mzee wao, Abdow, aliitazama ramani kichwa chini miguu juu, akasema ni nzuri.

Nalala kwa dada yangu Sadiyo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika. Lugha ya mama yangu haijapata daftari.

Alhamisi, 13 Januari

Nimepigilia vigingi sitini. Jua kali, mikono imechubuka. Mstari umenyooka, hata mimi nimeushangaa.

Ijumaa, 14 Januari

Vigingi arobaini na kimoja vimeng'olewa.

Jumamosi, 15 Januari

Nimevipata. Vimefungiwa wana-mbuzi nyuma ya nyumba ya mjane aitwaye Nurto, ambaye ndiye mkubwa wa wanawake wauza maziwa. Mwanamke mrefu, mkavu, ana sauti ya mtu aliyezoea kumwamrisha ngamia.

"Hivi ni vigingi vya serikali," nikamwambia.

"Vilikuwa uani kwangu. Kitu kikiota uani kwangu, nakivuna."

"Eddo," nikasema, maana ana umri wa shangazi yangu na nilitaka kumwonyesha adabu, "mji huu utakuwa na njia. Wazee wamekubali wote."

Aliacha kamba aliyokuwa akiisokota. "Nani? Abdow? Abdow hajafunga ufito hata mmoja tangu azaliwe. Nyumba aliyolala jana ni ya mkewe, Mumina. Yeye ndiye aliyeikata, aliyeisuka, aliyeisimamisha. Akimuudhi leo, Mumina ataipakia juu ya ngamia aende zake, na Abdow atabaki juani na bakora yake. Wewe karani umeomba ruhusa ya nyumba zetu kwa wageni wetu."

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka. Nikamwambia kwamba nyumba yake inanuka, kwamba watoto wa mji huu wanaharisha kwa sababu ya wajinga kama yeye, na kwamba nitarudi na askari. Nilisema kweli kuhusu watoto. Hayo mengine niliyasema kwa sababu walicheka.

Alhamisi, 20 Januari

Upepo wa kaskazini-mashariki tangu alfajiri. Mchanga kwenye chai, mchanga kwenye wino.

Jumanne, 25 Januari

Leo Sadiyo ameniwekea chai kavu. Nikauliza maziwa yako wapi. Akasema wanawake hawamuuzii tena mtu yeyote anayemlisha karani.

"Na wewe una mbuzi wako," nikasema.

"Maziwa yao ndiyo ninayokunyima wewe," akajibu, akatoka.

Dada yangu wa damu! Nitawapangia mji, na watakuja kunishukuru, wapende wasipende. Nimepigilia vigingi upya, na safari hii nimeweka dubasi, askari wa kilemba chekundu, avilinde.

Jumatano, 2 Februari

Kikwazo kikubwa ni uwanja wa mafiga. Wanawake wa mji mzima hupika mahali pamoja, kwenye bonde dogo upande wa magharibi, mwisho kabisa wa nyumba. Mawe mia tatu na ushei, majivu mpaka kwenye kifundo cha mguu, moshi, makelele, masengenyo. Humo ndimo fitina zote dhidi yangu zinamopikwa pamoja na ugali. Na humo ndimo njia kuu inamopaswa kupita.

Bwana Shauri anakuja tarehe kumi. Barua yake inasema tu: njia iwe wazi kwa lori. Hakusema lolote kuhusu kupika. Lakini nimeandika amri mwenyewe, na tarishi wake ameondoka nayo leo ili itiwe sahihi: kila mwenye nyumba apike mbele ya mlango wake, ndani ya mipaka ya kiwanja chake, na uwanja wa mafiga ufungwe. Kila mtu na kwake, kila moto na mwenyewe. Ndivyo watu wa miji wanavyoishi.

Nilipowasomea wanawake kile kitakachokuja, mmoja aitwaye Qabale alinijia. Huyu ni wa watu wetu wanaosema Kioromo, na anamtunza baba yake, mzee Galgallo, ambaye ni kipofu. Kwa kuwa Kisomali chake ni kidogo na Kioromo changu ni kidogo zaidi, tulizungumza Kiswahili.

"Karani, moto iko huku kwa sababu upepo inatoka kule," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Moto ikiwa nyuma ya nyumba, upepo inapeleka jangwani. Ikiwa mbele, upepo inapeleka kwetu."

Nikamwambia upepo haumo katika kazi yangu.

Jumatatu, 7 Februari

Amri imerudi, ina sahihi. Sidhani aliisoma.

Jumatano, 9 Februari

Dubasi wanne wameyapiga mafiga mateke, wakayazoa na kuyatupa kwenye korongo. Wanawake walisimama mbali. Nurto peke yake alikwenda akaketi juu ya jiwe lake moja, jamvi lake kichwani kujikinga na jua. Dubasi walinitazama. Nikawaambia wamwinue. Wakamwinua yeye na jamvi lake, wakamweka pembeni kama gunia. Alijifuta majivu, akasema, si kwa sauti kubwa:

"Mwanangu, sisi tulikuwa tunakuchukia kwa mzaha."

Jioni nimekula tende. Sadiyo hanisemeshi.

Alhamisi, 10 Februari

Bwana Shauri alifika kwa gari lake, akapita njia kuu yote toka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Safi sana, Yarrow." Alikunywa chai. Alikaa robo saa.

Sikutarajia kwamba robo saa ingenipa furaha kubwa namna hii.

Jumamosi, 12 Februari

Mia moja na kumi na mbili, kila nyumba na moshi wake mlangoni. Kwa kweli ukitazama kutoka juu ya kichuguu panapendeza.

Alhamisi, 17 Februari

Upepo. Mzee Galgallo alipita mbele ya meza yangu akishikwa mkono na binti yake, akauliza kwa nini mji unanuka moshi pande zote. Zamani, akasema, alijua njia ya nyumbani kwa kuuacha moshi mgongoni. Nikajifanya naandika.

Jumamosi, 26 Februari

Ilikuwa juzi, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri.

Nitaandika kwa mpangilio, maana nisipoandika kwa mpangilio sitaweza kabisa. Nilikuwa kwenye visima nikipima mahali pa machinjio mapya. Nilisikia sauti kama ya turubai linalochanwa. Nikageuka. Nyumba ya Nurto, iliyo ya kwanza upande unakotoka upepo, ilikuwa imeshika upande wa mlangoni. Mikeka ya jilaal, kiangazi chetu hiki, ni mikavu kama karatasi. Kabla sijafika nusu ya njia zilikuwa nyumba nne, kisha sikuweza kuhesabu. Moto haukupita chini. Ulirukia vilele, kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ilikuwa na kaa lake mlangoni likingoja kupulizwa.

Njia yangu kuu niliyojivunia, ile ya hatua ishirini, ndiyo iliyouzuia usivuke upande wa kusini. Hilo ni kweli na nitaliandika. Nyumba arobaini na tisa za kusini zimepona kwa sababu ya njia. Nyumba sitini na tatu za kaskazini zimeungua kwa sababu ya mafiga ya milangoni. Kazi zote mbili ni zangu.

Nilimwona Nurto akiingia nyumba isiyo yake akitoka na watoto wawili, akaingia tena nyingine. Alibomoa fito zinazowaka kwa mikono mitupu ili moto usipate njia. Sadiyo alikuwa akivuta ngozi za maji. Nilivuta naye, bega kwa bega.

Qabale alikuwa kisimani moto ulipoanza. Alikimbia. Watu wanne walimshika asiingie.

Tumemzika mzee Galgallo jana kabla ya sala ya Ijumaa. Nilisimama safu ya mwisho. Hakuna aliyenifukuza, wala aliyesogea kunipa nafasi.

Jumapili, 27 Februari

Watu wamelala chini ya miti ya migunga. Nyumba ya Sadiyo ilikuwa kusini, imepona, na ndani yake kuna watu kumi na saba. Mimi nalala nje, karibu na meza yangu.

Jumatatu, 28 Februari

Wanaume wameanza kusema. Abdow amesema mbele ya watu kwamba moto umeanzia kwa Nurto, na Nurto ni mwanamke mkaidi, hakupenda amri, huenda aliacha moto wazi kwa makusudi. Afukuzwe kwenye visima, anasema, yeye na mbuzi wake. Kumfukuza mtu kwenye visima wakati wa jilaal ni kumuua kwa upole.

Nikiri hapa, maana hakuna mwingine nitakayemkiria: niliposikia hayo, kifua changu kilipata nafasi ya kuvuta pumzi.

Jumanne, 1 Machi

Nimekwenda kumtazama. Amelala kwenye kivuli cha mgunga, mikono imefungwa vitambaa vilivyopakwa samli. Alikuwa na wanawake kama kumi. Niliuliza, kwa sauti ya ukarani, alikuwa wapi moto ulipoanza.

"Nilikuwa nakamua," akasema. "Moto niliufunika majivu na sufuria. Upepo uliangusha sufuria. Andika hivyo. Au andika unavyotaka, wewe ndiye mwenye kalamu."

Mumina, mke wa Abdow, alitema mate karibu na kiatu changu.

Alhamisi, 3 Machi

Bwana Shauri amekuja. Kabla ya baraza aliniita ndani ya hema, akafunga pazia. Mezani kulikuwa na ile amri, yenye sahihi yake.

"Mimi sikuagiza hii," akasema. "Mimi nilitaka barabara tu."

"Ndiyo, Bwana."

"Lakini jina hapa ni langu." Aliikunja karatasi mara mbili. "Wazee wanasema ni uzembe wa mwanamke mmoja. Itaandikwa hivyo. Mwanamke ataondoka. Wewe utaendelea na kazi, ni kazi nzuri. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilitoka nje nikakaa kwenye kiti changu mbele ya watu wote, kalamu mkononi, kama kawaida. Abdow alisimama akasema maneno yake. Wazee wengine wakaitikia. Nurto alikuwa ameketi chini, mikono juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine. Bwana Shauri akauliza kama kuna anayejua zaidi, na alipouliza alikuwa akitazama saa yake.

Sikumpenda yule mwanamke. Nataka hili lieleweke. Hata pale nilipokuwa nikisimama nilikuwa bado namchukia, kwa kicheko chake cha siku ile, kwa chai kavu, kwa kuwa alikuwa sahihi mbele ya watu. Lakini nilimtazama Qabale, naye alikuwa hamtazami Abdow wala Bwana Shauri. Alikuwa ananitazama mimi, akingoja kuona mimi ni mtu gani.

Nikasema: "Amri ya kupika mlangoni niliiandika mimi. Bwana Shauri aliomba njia tu. Huyu dada, Qabale, alinionya juu ya upepo tarehe mbili mwezi uliopita, nikamjibu kwamba upepo haumo katika kazi yangu. Moto ungeanzia nyumba yoyote. Ulianzia kwa aliyekaa mbele."

Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kisomali ili asiwepo wa kusema hakusikia. Hakuna aliyenipongeza. Mwanamke mmoja alianza kulia, na kilio hicho hakikuwa cha huruma kwangu.

Bwana Shauri alisimama, akasema baraza limekwisha. Nimefukuzwa kazi. Daftari la ofisi nimelirudisha. Hili ni langu.

Jumamosi, 5 Machi

Wazee wa ukoo wangu na wa Galgallo wamekaa juu ya damu yake. Watu wangu wamekubali kutoa ngamia wa fidia. Adeer Kerrow, mdogo wa marehemu baba, alikuja toka Hadado kwa ajili hiyo, na alipomaliza aliniambia: "Tulikupeleka Lamu upate akili."

Jumatatu, 7 Machi

Nilikuwa nimefunga mzigo wangu nikingoja lori. Nurto akaja, amefuatana na Qabale, Mumina na wengine. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anavyosimama mbele ya mbwa asiyemjua.

"Bado unajua kupima?"

"Najua."

"Lete kamba. Karatasi iache."

Jumatano, 16 Machi

Siku tisa sijaandika. Nimekuwa nikibeba kamba.

Wanawake ndio wanaopanga. Nurto hawezi kushika kitu, anaelekeza kwa kidevu. Nyumba sita sita, zimejipinda kama mwezi mchanga, migongo kwenye upepo, milango kusini-magharibi, na kila mlango unaona mlango mwingine, ili mama akienda kisimani mtoto asikose macho. Mafiga yamerudi bondeni, na lori litazunguka. Machinjio yamekwenda pale pale nilipopima. Kuhusu nafasi kati ya mwezi na mwezi, yaani kundi na kundi, tulibishana siku nzima. Wao walitaka hatua kumi, wawe karibu. Nikasema thelathini. Mumina akasema mimi niliyechoma mji sina mdomo.

Nurto aligeuka akatazama kusini. Kisha akasema, "Upande wa kusini ulipona. Mpe thelathini zake."

Hiyo ndiyo sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kusema juu yangu, na hakuniambia mimi.

Jumanne, 22 Machi

Abdow amelalamika kwamba hakuulizwa. Mumina amemwambia akatafute fito.

Jumapili, 27 Machi

Qabale amesimamisha nyumba yake leo. Nilimpelekea mzigo wa fito nilizokata mwenyewe. Alizichagua moja moja, akatoa tatu mbaya, akanirudishia. Zile nyingine akazitumia.

Mimi nimepewa kiwanja mwisho kabisa, upande wa machinjio. Sina mke, kwa hiyo sina nyumba, nina turubai. Nilipouliza kama ningeweza kusogea karibu na Sadiyo, Nurto alijibu kwamba mji umepangwa.

Jumatatu, 4 Aprili

Mawingu. Yamepita.

Jumamosi, 9 Aprili

Mvua ya kwanza ya gu, masika yetu, imenyesha tangu asubuhi. Maji yalipita kwenye nafasi za hatua thelathini yakaelekea bondeni, na hakuna nyumba iliyolowa ndani. Watoto walikuwa uchi kwenye tope. Sadiyo alinipitia na chungu cha chai, akaniwekea mkononi bila kusimama. Ilikuwa na maziwa.

Ijumaa, 15 Aprili

Leo wamefika watu wapya, nyumba nne, toka upande wa Elwak, ngamia wao wamelegea kwa mwendo. Mkubwa wao ni mwanamke, Zeinab, mwenye mtoto mgongoni. Walisimama pale mji unapoanza wakitazama, maana hawakujua waweke wapi mizigo.

Nilikuwa natengeneza ua wa machinjio, karibu vya kutosha kusikia. Nurto alitoka kuwapokea, mikono yake ikiwa na ngozi mpya nyekundu. Aliwauliza nani dada ya nani, nani hataki kukaa karibu na nani. Kisha akatembea mbele yao akihesabu hatua kwa sauti, thelathini, akageuka akisimama na mgongo kwenye upepo, akawaonyesha mlango utazame wapi. Akawaambia hapa hapapikwi, kunapikwa kule.

Zeinab akashusha mtoto, akatazama huku na huku. "Wallahi, nimepita miji mingi. Hapa mtu anaweza kulea. Nani aliyepapanga?"

"Sisi," Nurto akasema. Akanionyesha kwa kidevu bila kunitazama. "Mji wa kwanza aliupanga yule, akatuchomea."

Wageni wote waligeuka wakanitazama. Niliwasalimu. Hawakuitikia mara moja, kisha mwanamke mmoja mzee miongoni mwao akaitikia, kwa kuwa salamu ni deni.

Nikaendelea na ua.